Gololi zangu za kioo zinapasuka usiku: kosa ni moto, kioo au mkono?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Mwanza. Niliona watu wakitengeneza gololi za kioo zenye ua ndani kwa moto wa gesi, nikajaribu kwa mitungi yangu ya oksijeni na asetilini. Kioo natoa kwenye chupa: nyeupe kwa nje, ya kijani na ya kahawia kwa ua. Zinatoka nzuri, nazifukia kwenye majivu ya moto, asubuhi nazikuta zimepasuka. Kati ya kumi na moja imepona moja. Nimekutumia picha za tatu. Kosa ni moto, ni kioo au ni mkono wangu? Na lile ua wenzetu wanaliingizaje mpaka linaonekana kama limechanua ndani ya maji?

Jibu: Marahaba, fundi. Mkono wako hauna kosa. Nalisema hilo mapema kwa sababu gololi ya picha ya tatu ni duara safi kuliko zote nilizotengeneza mimi mwaka wangu wa kwanza. Moto wako una kasoro, tutaufikia, lakini si wenyewe unaozipasua. Gololi zako zinafia kwenye majivu.

Zitazame tena hizo picha. Ya kwanza imekatika nusu kwa nusu, na uso wa ufa unang'aa kama umepigwa msasa laini. Huo ni mkazo wa kupoa: kioo kimejivuta chenyewe mpaka kikaachia. Ya pili ufa wake haukupita katikati. Umeizunguka petali ya kahawia, ukaifuata kama mtu anayetembea kwenye mpaka wa shamba la jirani. Hapo umeunganisha vioo viwili visivyopatana. Ya tatu ina ufa mdogo wa mwezi mwandamo karibu na ulipong'oa kishikio, yaani ule ufito ulioishikia gololi wakati ukiiviringa. Hapo paliguswa na kitu baridi, na kovu halikurudishwa motoni. Ni magonjwa matatu. Hilo la tatu utaliponya wiki hii kwa mazoezi. Mawili ya mwanzo hayaponi kwa mazoezi, hata ukae mbele ya mwali miaka kumi.

Kioo hakigandi kama maji, kwa nyuzi moja inayojulikana. Kinazidi tu kuwa kizito: kutoka asali kuwa lami, kutoka lami kuwa kitu kisichosogea tena. Gololi ikitoka motoni, ngozi yake inapoa kwanza na kukaza, moyo bado ni wa moto. Baadaye moyo nao unataka kusinyaa, lakini ngozi imeshakaza na haiupi nafasi. Basi moyo unabaki unavuta, ngozi imebanwa, na hakuna anayeona kitu kwa macho. Hali hiyo inaweza kudumu saa tano, inaweza kudumu miezi. Kisha kinakuja kijisababu, mkwaruzo au ubaridi wa ziwani alfajiri, na umeamka na vipande.

Mwaka wangu wa pili katika karakana ya vyombo vya kioo vya maabara nilitengeneza tufe la kukandamizia karatasi, ukubwa wa chungwa. Tanuru lilikuwa limejaa kondensa, mirija ya kupozea mvuke, za wanafunzi, nikalipoza kwenye sufi ya kuzuia joto na kujiona mjanja. Nikampelekea mama. Likakaa juu ya kabati la vyombo miezi minne. Usiku mmoja likalia kama bunduki. Mama alinipigia simu saa kumi alfajiri kuniuliza kama kile kitu nilikitoa kwa mganga.

Majivu, mchanga wa moto na sufi vinachelewesha kupoa, basi. Kioo kinataka zaidi ya kucheleweshwa. Kinataka kukaa kwanza katika joto ambalo mkazo unaweza kulegea, moyo na ngozi vikiwa na nyuzi zile zile, ndipo vishushwe vikishuka pamoja. Kwa kioo cha chupa joto hilo ni karibu nyuzi 550 za Selsiasi. Kwa kioo laini cha Murano, Italia, kile wanachotengenezea shanga, ni kama 515. Kwa borosilikati, kioo cha maabara, ni 565 hivi. Majivu ya jikoni kwako hayafiki huko, na hata yangefika yasingekaa hapo saa nzima bila kuyumba.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza inunue tanuru. Usinunue rangi, usinunue tochi mpya ya mwali. Najua tochi ndiyo inayotamanisha, na kila kijana anayeniandikia anaulizia tochi, lakini tochi mbovu yenye tanuru zuri nyuma yake inatoa gololi, na tochi nzuri bila tanuru inatoa chenga. Wewe tayari umefika nusu ya safari kwa kuwa unajua kuchomelea. Fremu ni ya chuma cha engo. Ndani unapanga matofali mepesi ya kuzuia moto, yale yanayokatika kwa msumeno wa mbao. Unachimba mifereji, unalaza waya wa kantali, ule wa kutoa joto, uliosokotwa kama springi, unaingiza kipima joto cha aina ya K kinachosomwa na kidhibiti. Nafasi ya ndani ya sentimita 20 kila upande inameza gololi za wiki nzima. Kazi ya nyaya mwachie fundi umeme. Aweke ethi kwenye fremu, na swichi inayokata umeme mlango ukifunguliwa, maana utakuwa unapeleka vyuma ndani ya sanduku ambalo waya wake uko wazi na una moto wa gridi.

Kwa gololi ya borosilikati ya milimita 25 mimi nashikilia 565 saa nzima baada ya ile ya mwisho kuingia, nashusha hadi 480 kwa saa moja na nusu, nazima, naondoka. Mlango sifungui mpaka kesho. Hapa wengi wanakosea hesabu. Ukiongeza unene maradufu, muda haupandi maradufu, unapanda mara nne. Gololi ya milimita 50 inataka saa nne pale juu, na sita za kushuka. Ndiyo maana nakuambia anza na ndogo. Na kama tanuru bado liko mbali, tafuta mfinyanzi au shule yenye tanuru la umeme la vyungu. Gololi ndogo za borosilikati zinaweza kupoa ndani ya sufi kwanza, ukazikusanya, ukazipandisha zote kwa pamoja polepole siku ya Jumamosi. Chache zitakufa njiani. Nyingi zitafika.

Sasa kioo chenyewe. Chupa nyeupe, ya kijani na ya kahawia zote zimetokana na mchanga, soda na chokaa, lakini kila kiwanda kina mapishi yake, na wapishi hawakukaa kikao kwa ajili ya gololi zako. Kila kioo hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi kwa kiasi chake. Wauzaji wa fito hukiandika kiasi hicho kwa namba. Borosilikati ni 33, maana yake kila nyuzi moja inakirefusha kwa sehemu 33 katika milioni 10. Kioo laini cha Murano ni 104. Chupa huangukia mahali fulani kati ya 80 na 95, na hapo ndipo petali yako ya kahawia ilipogombana na mwili wake.

Kuna kipimo cha karakana kisichohitaji namba. Chukua kipande cha kila kioo, vibandike ubavu kwa ubavu motoni, usivikoroge. Pasha hadi vilainike pamoja, toa nje ya mwali, subiri pumzi mbili, kisha vuta kwa kibano uzi mwembamba wa nusu mita. Uache upoe ukining'inia. Ukibaki umenyooka, hao ni ndugu, watie kwenye gololi moja. Ukijikunja kama upinde, kioo kilichoko upande wa ndani wa mkunjo ndicho kinachosinyaa zaidi, na hao usiwaoze. Ukitaka kuendelea na chupa, basi mwili na rangi vipite kwenye uzi huo kwanza, kila chupa na chupa yake. Karakana za kioo za Kitengela nje ya Nairobi na Shanga pale Arusha wanatumia vioo chakavu kazini, lakini wao wanayeyusha tanuru zima kwa mpigo. Kushona vipande vya chupa tofauti kwa mwali ni mchezo mwingine. Ukipata nafasi ya kutembelea huko, usikae mbele wanakopulizia. Zunguka nyuma uone wanapopozea.

Ushauri wangu kwa mtu ambaye oksijeni tayari anayo ni ahamie borosilikati. Kioo hiki alikileta Otto Schott wa Jena, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, na kwa kuwa hutanuka kidogo sana, kinasamehe makosa. Unaweza kukitoa motoni, ukakitazama, ukajikuna, ukakirudisha. Kioo laini hakikupi nafasi hiyo. Fito wazi utazipata kwa wauza vifaa vya maabara: ulizia fito za kukorogea. Ila si zote ni borosilikati, na muuzaji mara nyingi hajui. Nenda na chupa ndogo ya mafuta ya alizeti na glasi. Chovya ufito ndani. Wa borosilikati unapotea machoni kuanzia pale mafuta yanapoanzia, kana kwamba umekatwa, kwa kuwa mwanga unapinda karibu sawasawa ndani ya mafuta na ndani ya kioo hicho. Ufito wa kioo cha kawaida utaendelea kuuona mpaka chini. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Rangi za borosilikati hazipatikani dukani kwetu. Nyingi zinatoka Marekani, na gramu 200 za rangi tatu nne zinatosha ua kwa miezi, kwa sababu ua linakula nukta tu.

Nimekuahidi moto. Asetilini ni tamu kwa chuma na mbaya kwa kioo. Mwali wake una kichwa kama sindano, unachemsha nukta moja wakati pembeni bado ni baridi, na ukipunguza oksijeni kidogo unakupakia masizi ambayo yanaingia ndani ya kioo na hayatoki. Tumia gesi ya kupikia na oksijeni, kwenye pua pana ya kupashia joto badala ya pua ya kuchomelea, mpaka utakapopata tochi ya mezani ya kioo ambayo gesi na oksijeni hukutana nje ya pua. Badilisha na mipira pia: mpira wa asetilini huliwa na gesi ya kupikia polepole, utakuja kuvuja siku usiyotegemea. Vali za kuzuia moto kurudi ziwe kwenye mistari yote miwili. Kuhusu grisi na oksijeni sikufundishi, unajua. Lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, kwa hiyo mtungi ukae nje na ukuta uwe na tundu chini, si dirisha la juu tu. Moshi wa mwali mkubwa hauonekani, ila unachoma mapafu. Weka feni inayotoa hewa nje, juu ya mwali. Miwani yako ya kuchomelea ni nyeusi mno kwa kazi hii. Kioo kikipata moto hutoa mwanga wa njano wa sodiamu unaokuficha kazi. Lenzi za didimiamu zinaukata huo peke yake na kukuachia rangi nyingine. Kwa borosilikati ongeza juu yake kivuli chepesi cha kuchomelea, namba 3.

Na ua? Shika ufito wazi mnene, milimita 12 au zaidi. Gololi ya milimita 25 inakula sentimita 7 na kidogo za ufito huo. Usiuingize katikati ya mwali mara moja. Upitishe nyuma kabisa, unazungusha, kisha unasogea mbele. Kaimati ikitumbukizwa kwenye mafuta makali inaungua nje na ndani bado unga mbichi. Kioo nacho ni hivyo hivyo, ila chenyewe kinakurushia vipande usoni. Kusanya donge kwenye ncha, ligandamize wima juu ya kibao cha grafiti liwe kisahani, kama kichwa cha msumari wa bati uliokuzwa hadi ukubwa wa sarafu.

Usoni mwa kisahani ndipo unapopanda mbegu. Chora duara la nukta sita za rangi karibu na ukingo, kila moja na nukta ndogo nyeupe juu yake, na moja ya njano katikati. Rangi inawekwa kwa ufito mwembamba: gusa, vuta, kata kwa mwali. Nukta zisipolingana ukubwa, ua litatoka na petali moja ya kiwete, na utaiona tu ikiwa tayari huwezi kuirudia. Ziyeyushe zilale sawa na uso.

Halafu ndiyo uchawi wenyewe, ambao si uchawi. Pasha ukingo wa kisahani tu, polepole, ukizungusha bila kusimama. Kioo kilicholainika kinataka kuwa tone, kama mafuta juu ya mchuzi yanavyojiviringa yenyewe. Ukingo unajikunja kuelekea katikati na kuzibeba nukta. Upande wa juu wa kila nukta unaburutwa kwenda kitovuni, wa chini unabaki nyuma, umezama kwenye kioo. Nukta inarefuka, inapinda, inakuwa petali yenye kina. Hujaingiza ua ndani ya kioo, kioo kimelimeza. Hapa pana dakika 15 hadi 20 za kutofanya kitu zaidi ya kuzungusha, na hapa ndipo mikono ya wenye haraka inapojulikana. Ukipasha katikati kabla ya ukingo, hewa inanaswa na unapata kiputo kwenye kitovu cha ua. Ukizungusha kwa mikiki, ua linasokoteka.

Likiwa kuba, funika upande huo wa rangi kwa bluu nzito au nyeusi, ua lipate giza la kuchanulia, kisha bandika kishikio hapo. Huo ni mgongo wa gololi. Ufito wa kwanza ukate kwa moto upande wa pili, ukiacha kioo wazi cha kutosha. Kioo hicho wazi, kikishaviringwa, ni lenzi: ua la milimita 12 linajaa gololi nzima, na kila ukiinamisha mkono linakufuata. Hayo ndiyo maji uliyoyaona.

Kuviringa unafanya kwenye kalibu ya grafiti yenye kikombe, ukiwa umeipasha kidogo kwanza, la sivyo inaacha makunyanzi. Usikandamize. Iegeshe gololi, izungushe, irudishe motoni. Kisha hamisha kishikio kiwe ubavuni, maana ukizungusha kwa mhimili ule ule mwanzo hadi mwisho unapata yai. Mwisho gusa maungio ya kishikio kwa chuma baridi, gonga ufito mara moja, gololi iangukie kwenye kalibu, elekeza mwali kwenye kovu mpaka lififie. Dawa ya ule mwezi mwandamo wako ni hiyo. Kutoka hapo inaingia tanuruni ikiwa bado na joto, kwa kibano kilichopashwa.

Hukuuliza kuhusu kuuza, ila utauliza. Usishindane na gololi za dukani. Zamani watoto wa Ulaya walichezea gololi za mkono za Lauscha, mji wa wahunzi wa kioo kwenye milima ya Thuringia, Ujerumani, ambako katikati ya karne ya 19 walibuni mkasi wenye kikombe wa kukata na kuviringa kioo cha moto. Kisha Martin Frederick Christensen wa Akron, Ohio, akapata hataza ya mashine ya gololi za kioo mwaka 1905, na bei ikaanguka. Huyu bwana alianza na mashine ya gololi za chuma za beringi ndipo akageukia kioo. Kiswahili kingempa jina moja kwa kazi zote mbili. Ya kwako si ya kupigwa kwa kidole mchangani. Ni ya mtu kuiweka mezani na kuitazama, na bei yake iwe ya saa zako mbili.

Bado ile moja iliyopona kati ya kumi na moja. Kabla hujampa mtu, ipime. Washa laptopu, weka ukurasa mweupe, vaa miwani ya jua ya polaroidi, inamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Tumbukiza gololi kwenye glasi ya mafuta ya kupikia, ili duara lake lisipinde mwanga sana, na ushike glasi mbele ya skrini. Kioo kilichotulia kitabaki cheusi kama skrini. Mabaka ya mwanga yenye msalaba mweusi katikati ni mkazo. Ukiuona, ipandishe tanuruni siku utakapolipata, polepole hadi 550, uishikilie na kuishusha kama nilivyokueleza. Ikitoka bado na mwanga kuzunguka petali, hao ni vioo vilivyogombana na hakuna tanuru litakalowapatanisha. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na kabati la vyombo la mama yako.